Haikugundulika: unachonunua unapopima metali nzito kwenye maji

Shemeji yangu wa Geita ana kisima kirefu uani, na ukutani sebuleni ana fremu ya kioo yenye karatasi ya maabara. Kila mgeni huonyeshwa kabla hata ya kukaribishwa chai. Arseniki: haikugundulika. Risasi: haikugundulika. Kadimi, zebaki, kromi, zote haikugundulika. Chini kuna mhuri wa bluu na sahihi. Maji hayo majirani wanayanunua kwa ndoo na wapangaji wake wanayanywa, na karatasi ile ndiyo tangazo lake la biashara. Kwa hesabu yake mwenyewe, ilimgharimu mbuzi wawili.

"Shemeji, umeona? Safi kabisa."

Nilisogea hadi pua ikakaribia kioo. Nimewahi kufanya kazi maabara miaka kadhaa, nikiosha chupa na kutikisa faneli, kwa hiyo jicho langu huanzia mstari wa chini kabisa, ule wenye herufi ndogo. Pale palikuwa pameandikwa vikomo vya ugunduzi kwa miligramu kwa lita: risasi 0.05, kadimi 0.01, arseniki 0.2. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi risasi 0.01, kadimi 0.003 na arseniki 0.01. Yaani maji ya shemeji yangeweza kuwa na risasi mara nne ya kiwango, au arseniki mara kumi na tisa, na karatasi bado ingeandika vilevile: haikugundulika.

Maabara haikumdanganya. Ilimuuzia alichoomba, na yeye aliomba "kupima metali nzito" kama mtu anayeomba "kitambaa" bila kutaja mita. Katika soko hili bidhaa ni kile kikomo kidogo kilichoandikwa chini, na bei yoyote utakayotajiwa haina maana mpaka uiweke kando yake. Mashine inayotajwa kwa sifa na rangi ya mhuri havikusaidii kitu.

Tuone kwanza tunatafuta kitu kidogo kiasi gani. Risasi ya miligramu 0.01 kwa lita ni mikrogramu 10. Chukua tangi jeusi la lita 2,000, lile lililo juu ya nyumba nyingi mjini, ulijaze maji yaliyofika kiwango hicho. Risasi yote iliyomo tangini ina uzito wa miligramu 20, kama punje moja ya mchele. Fundi wa maabara anapewa nusu lita ya maji hayo na kuambiwa aseme kama punje imo ama haimo.

Sasa twende dukani. Bidhaa ya bei ya chini kabisa ni kalamu ya TDS, inayouzwa mitaani kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Unaichovya, inaonyesha namba. Namba hiyo ni makadirio ya chumvi zote zilizoyeyuka, yanayotokana na jinsi maji yanavyopitisha umeme, na hatua yake ndogo kabisa ni miligramu moja kwa lita. Risasi tunayoitafuta ni sehemu ya mia ya hatua hiyo. Kisima chenye chumvi ya kawaida kitaonyesha 600 na kumtisha mwenye nyumba, huku kisima chenye arseniki kikionyesha 120 na kumpa usingizi mnono. Wapo pia wauza vichujio wanaokuja na kifaa cha vijiti viwili, wanakiwasha kwenye glasi na maji yanageuka kahawia kama uji wa ulezi. Kahawia ile ni kutu ya kijiti chenyewe cha chuma kinachoyeyuka kwa umeme. Mpe muuzaji soda ya chupa aijaribu, uone atakavyokunja mkoba.

Vijikaratasi vya kuchovya vinavyobadilika rangi ni afadhali kidogo, lakini soma kwenye kopo vinaanzia namba ngapi. Vingi vinaamka pale kiwango kilipokwisha kupitwa zamani.

Kipimo kimoja cha mkononi ninakiheshimu, nacho ni kile cha arseniki. Mbinu yake ni ya karne ya 19 na imepima visima vingi sana Bangladesh. Unatia maji kwenye kichupa, unaongeza asidi au unga wake na unga wa zinki, arseniki inapanda juu kama gesi na kugonga karatasi yenye bromidi ya zebaki, nayo inageuka njano kisha kahawia. Unailinganisha na kipande cha rangi kwenye kopo. Kati ya mikrogramu 10 na 25 macho ya watu wawili yanaweza kubishana, lakini kisima chenye 100 hakifichiki. Fanyia nje penye upepo, kwa sababu gesi hiyo ni sumu, na karatasi zilizotumika usizitupe jalalani. Kwa kamati ya maji yenye visima thelathini, kopo moja la kipimo hiki linachuja visima vya kupeleka maabara na vya kuacha. Hapo pesa inaokolewa kweli.

Baada ya hapo ni maabara tu, na maabara nyingi za ukanda wetu zina mashine ya AAS ya moto. Alan Walsh wa Australia alichapisha wazo lake mwaka 1955 na hadi leo ndiyo punda wa kazi. Maji yananyunyizwa kwenye moto wa hewa na asetilini, gesi ileile ya mafundi wa kuchomelea, na taa iliyotengenezwa kwa metali inayotafutwa inamulika moto huo. Atomi za risasi zinafyonza mwanga wa taa ya risasi. Mwanga uliopungua ndio jibu. Mashine mpya huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, taa inabadilishwa kwa kila metali, na ni rahisi kuitengeneza. Udhaifu wake uko kwenye kinyunyizio: katika kila matone kumi ya maji, takriban tisa huishia kwenye bomba la taka na moja tu linafika motoni. Kwa chuma, manganizi, zinki na shaba hilo halina shida, maana viwango vyake ni vikubwa. Shaba inaruhusiwa hadi miligramu 2 kwa lita. Kwa risasi na kadimi, moto peke yake ni kumpa mzee mwenye mtoto wa jicho kazi ya kuchagua mawe kwenye mchele.

Vikomo vya karatasi ya shemeji vilitoka hapo hapo: moto, bila maandalizi yoyote.

Hapa ndipo ukamuaji unapoingia, na kwa maoni yangu hakuna mahali pengine ambapo shilingi inanunua zaidi. Mpishi akitaka mchuzi mzito wa nazi hanunui jiko jipya, anakamua tui. Vivyo hivyo fundi anaweza kuacha mashine yake ilivyo, akachukua maji mengi na kuikusanya metali yote ndani ya kioevu kidogo kabla ya kuipeleka motoni. Maji mililita 200 yakiishia kwenye mililita 10, kile kilichokuwa mikrogramu 5 kwa lita kinakuwa 100, na mashine ya bei nafuu inakiona waziwazi.

Njia kongwe na ninayoijua kwa mikono ni ya APDC na MIBK. APDC ni unga mweupe, na kazi yake ni kuishika metali pande mbili kama gando la kaa. Wanakemia wameliita kundi zima la dawa hizi kwa neno la Kigiriki la gando hilohilo. MIBK ni kiyeyushi chepesi kuliko maji, chenye harufu kali ya rangi ya kucha. Unapima maji, unarekebisha uchachu hadi pH ya karibu 3, unatia APDC, kisha MIBK. Unafunga faneli, unaigeuza juu chini na kutikisa, na kila baada ya sekunde chache unafungua bomba ili pumzi itoke. Asiyefungua hurushiwa kizibo, na wengi tumewahi kurushiwa. Baada ya dakika mbili unaitundika na kusubiri. Kiyeyushi kinajitenga juu kama mafuta juu ya supu, na kama maji yana shaba ya kutosha utaona rangi ya hudhurungi imepanda nacho. Unamwaga maji ya chini, unabakiza tabaka la juu na kulinyunyiza motoni moja kwa moja. Kuna faida ya ziada: kiyeyushi kinanyunyizika vizuri kuliko maji, hivyo mashine inaona hata zaidi ya ile hesabu ya mara ishirini.

Lakini kila tui lina machicha yake. MIBK huyeyuka kwenye maji kwa karibu asilimia 2. Weka mililita 10 juu ya mililita 200 za maji na utakayorudishiwa ni kama nusu, iliyobaki imemezwa. Kwa hiyo namba zitakuwa sahihi ikiwa tu vipimio vya kulinganishia navyo vimepitishwa kwenye faneli kwa njia ileile na kiasi kilekile. Nimeona fundi mvivu akivitengeneza vipimio kwenye maji matupu na kuvilinganisha na sampuli zilizokamuliwa. Karatasi ilitoka na mhuri vilevile.

Kosa la pili ni la kisayansi zaidi na linamhusu mnunuzi moja kwa moja. APDC haishiki kila sura ya metali. Inashika kromi ya daraja la sita lakini inaiacha ya daraja la tatu. Inashika arseniki ya daraja la tatu lakini inaiacha ya daraja la tano, na kwenye maji yenye hewa nyingi hiyo ya tano ndiyo iliyojaa. Ukipewa jibu la "arseniki" kwa njia hii bila hatua ya kuibadilisha kwanza, umepewa jibu la nusu ya swali.

Gharama yake iko wapi? Kwenye kiyeyushi chenyewe ni ndogo, maana chupa ya lita moja inatosha faneli mia. Iko kwenye idadi ya faneli. Ukipeleka sampuli moja tu, fundi mwaminifu atatikisa sampuli yako, sampuli mbili tupu za maji safi, vipimio vinne au vitano, rudio moja, na moja iliyotiwa risasi ya kiasi kinachojulikana ili aone kama anairudisha yote. Faneli tisa au kumi kwa chupa moja ya mteja. Ukipeleka chupa kumi, faneli zinakuwa kumi na tisa tu. Ndiyo maana mtu mmoja mmoja anatozwa bei ya kuumiza, au anafanyiwa mkato. Jumuiya ya watumia maji, wenye nyumba wa mtaa mmoja, shule na zahanati jirani wakikusanya chupa zao siku moja, wana nguvu ya kujadili bei ambayo shemeji peke yake hakuwa nayo.

Njia ya pili ni ya resini. Maji yanapita polepole kwenye mrija uliojaa punje ndogo zenye magando hayohayo, metali inanasa, kisha inaoshwa kwa mililita chache za asidi ya nitriki. Hakuna harufu, na resini inatumika tena na tena. Gharama ni saa: lita moja kwa mwendo wa mililita tatu kwa dakika inachukua zaidi ya saa tano. Kwa watu wa pwani, hata hivyo, ningeilipia bila kulalamika. Visima vya Tanga, Mombasa au Unguja vikiingiliwa na maji ya bahari vinakuwa na chumvi inayozisumbua mashine zote, za bei nafuu na za bei kali. Resini inaiacha chumvi ipite na kubakiza metali. Waliopima risasi na kadimi kwenye maji ya bahari kwa miongo mingi wameitegemea.

Njia ya tatu hutumia sabuni ya maabara, na wapya wengi wanaipenda kwa kuwa haina kiyeyushi cha sumu. Unatia matone ya Triton X-114, unapasha moto kidogo, kioevu kinakuwa na ukungu, sabuni inajikusanya chini ikiwa imebeba metali, unaizungusha kwa mashine na kuipoza kwenye barafu ili igande kama jeli, kisha unamwaga maji. Sabuni hii huanza kuwa na ukungu kwenye nyuzi 23 hivi za Selsiasi. Vitabu viliandikwa na watu wa maabara zenye baridi. Kwenye chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, kiyoyozi kikizimika, ukungu unaanza mezani kabla hujawasha jiko. Inafanya kazi, ila fundi ajue yuko wapi.

Ya nne ni ile iliyotangazwa Iran mwaka 2006, ya kudunga kwa bomba la sindano tone la kiyeyushi ndani ya mililita tano za maji hadi yawe kama maziwa, kisha kuzungusha na kuokota tone chini. Wanafunzi wa uzamili wanaishangilia, na kwa haki, maana dawa inayotumika ni kiduchu. Lakini tone linalobaki ni la mikrolita ishirini au thelathini. Moto wa kawaida unahitaji mililita nzima kunyunyiza, hivyo utahitaji tanuri ya grafiti, nitakayoifikia mbele, au ujanja mwingine, na mkono usiotetemeka. Kwa tasnifu, sawa. Kwa cheti cha kisima kinachonywesha watu mia mbili, sitaki uaminifu wa jibu ukae kwenye kidole cha mtu mmoja.

Nimezungumzia risasi na kadimi, lakini Geita hofu ya kwanza inapaswa kuwa arseniki. Miamba ya dhahabu ya ukanda wa Ziwa Victoria ina arsenopairaiti, jiwe lenye chuma, salfa na arseniki, na watafiti wamekuta baadhi ya visima na chemchemi za Geita na Mara vikipita mikrogramu 10 kwa lita. Moto wa kawaida ni kipofu kabisa kwa arseniki, ile 0.2 ya fremuni ndiyo hali yake. Faneli haihitajiki hapa. Kinachohitajika ni kifaa cha hidridi kinachofungwa kwenye AAS hiyohiyo: sodiamu borohidridi inaigeuza arseniki kuwa gesi, gesi inaingia kwenye mrija wa kwatzi uliopashwa moto, na maji pamoja na chumvi zake yote yanabaki nyuma. Huo nao ni ukamuaji, ila wa hewani. Kikomo kinashuka hadi chini ya mikrogramu moja, kwa kifaa ambacho bei yake ni sehemu ndogo ya mashine mpya. Uliza kitu kimoja tu: je, wanatia iodidi ya potasiamu kwanza ili arseniki ya daraja la tano ishuke hadi la tatu? Akikukodolea macho, endelea na safari.

Zebaki nayo ina njia yake ya mvuke baridi, kwa kloridi ya bati na bila moto. Lakini hapa nina ushauri ambao wauza vipimo hawataupenda. Karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu watu hukimbilia kupima zebaki kwenye maji, na mara nyingi majibu hurudi madogo, wakafurahi. Zebaki haipendi kukaa majini. Inazama kwenye tope, vijidudu vya tope vinaigeuza, na inapanda kwenye samaki. Kama pesa ni ya kipimo kimoja cha zebaki, kipeleke kwenye samaki wanaoliwa nyumbani au kwenye udongo wa uani kunakochomwa dhahabu. Kwenye ndoo ya kisima anza na arseniki.

Na wale wa Arusha na Meru wanaoona meno ya watoto yakigeuka kahawia: tatizo lenu ni floridi, ambayo si metali hata kidogo. Inapimwa kwa kifaa kingine na kwa bei nyingine. Msinunue orodha ya metali kumi kwa kilio cha meno.

Juu ya meza ya bei kuna ICP-MS, mashine inayopita dola 100,000, inayopima metali nyingi kwa dakika chache na kushuka hadi sehemu ndogo ya mikrogramu bila kukamua chochote. Ukiipata karibu na ikiwa inatunzwa vizuri, ni chaguo zuri, na kwa mtu anayetaka metali kumi inaweza kuwa nafuu kwa kila metali. Lakini inakula gesi ya agoni lita 15 hadi 20 kila dakika. Mtungi mkubwa wa mita za ujazo 10 unaisha kwa kama saa kumi za kazi. Maabara isiyo na wateja wengi haiwashi mashine kwa chupa yako moja, itaiweka foleni. Chumvi pia inaisumbua. Na hapa kuna mtego wa kweli: kwenye kisima chenye chumvi, agoni na klorini zikiungana zina uzito uleule wa arseniki, 75, na mashine isiyo na chumba cha kuzitenganisha itakuandikia arseniki ambayo haipo. Mtu anaweza kufunga kisima kizuri kwa sababu ya chumvi ya mezani. Tanuri ya grafiti iko katikati ya yote haya: inaona risasi na kadimi vizuri sana bila faneli, polepole, metali moja baada ya nyingine, na mirija yake ya grafiti inaisha kama betri za tochi.

Tufanye hesabu kwa bei za kubuni, mradi ieleweke ni za mfano. Maabara ya kwanza inataka shilingi 15,000 kwa kila metali, moto bila maandalizi. Ya pili inataka 40,000 kwa kila moja ya risasi na kadimi zilizokamuliwa na 40,000 kwa arseniki ya hidridi. Ya tatu inataka 250,000 kwa metali kumi na mbili za ICP-MS pamoja na usafirishaji. Shemeji angeona 75,000 kwa metali tano akadhani amepata. Hesabu yangu ni nyingine: gawa bei kwa idadi ya majibu yenye kikomo kilicho chini ya kiwango, afadhali sehemu ya tano ya kiwango au chini zaidi. Ya kwanza, kwa risasi, kadimi na arseniki, ina majibu sifuri, na 75,000 ukigawa kwa sifuri unajua mwenyewe. Ya pili inatoa majibu matatu kwa 120,000. Ya tatu inatoa kumi na mbili kwa 250,000, lakini kama unahitaji matatu tu, tisa ni mapambo. Kwa kisima kipya cha jamii kisichowahi kupimwa ningechukua ya tatu mara moja, kisha ya pili kila mwaka. Kwa kisima cha nyumba Geita, ya pili, na ningeanza na arseniki hata kabla ya risasi.

Kuna gharama moja ambayo haiandikwi kwenye ankara, nayo ni chupa. Chupa ya plastiki ngumu ioshwe kwa asidi ya nitriki ya asilimia kumi, na maabara nzuri itakupa ikiwa tayari. Usijiletee ya juisi. Ya zebaki ni bora iwe ya kioo. Kama unashuku mabomba na viungio vya nyumba, chukua maji ya kwanza alfajiri, baada ya kulala saa sita au zaidi bila kufunguliwa. Kama unashuku mwamba, acha pampu ikimbie dakika kadhaa kwanza. Maji yakiachwa bila asidi, metali hujibandika kwenye kuta za chupa na jibu hushuka lenyewe, ndiyo maana yanatiwa asidi hadi pH iwe chini ya 2. Lakini huna haja ya kubeba asidi kwenye basi: kwa metali nyingi, isipokuwa zebaki, maabara inaweza kuitia yenyewe ndani ya wiki mbili na kusubiri siku nzima kabla ya kupima, ili zilizojibandika zirudi majini. Peleka pia chupa moja yenye maji safi ya maabara yenyewe, iliyosafiri na zako na kufunguliwa kisimani. Ikirudi na risasi, risasi hiyo ni ya safari.

Ukipata majibu, omba karatasi ya pili ambayo wengi hawaijui: kiasi cha risasi waliyoitia makusudi na asilimia waliyoirudisha. Kati ya 80 na 120 unaweza kulala. Chini ya hapo, tui lilimwagika kwenye faneli, na jibu lako ni dogo kuliko ukweli. Wala usijaribu kuyachemsha maji ili kuondoa kilichopatikana. Metali kama risasi na arseniki haipandi na mvuke. Maji yakipungua, yenyewe inabaki na kukolea zaidi kwenye sufuria.

Shemeji alikubali kupima upya, akanung'unika njia nzima. Kabla hatujapanda basi nilimpa simu auulize mwenyewe upande wa pili, na ndivyo ningependa ufanye nawe kabla ya kutoa hata senti: "Kikomo chenu cha ugunduzi wa arseniki ni mikrogramu ngapi kwa lita, na mtakiandika kwenye cheti?" Asiyeweza kukutajia namba hiyo, usimpelekee chupa.